Doa la shaba kwenye jani la mharage

Mkulima akiona majani ya maharage yameingia madoa ya kahawia, neno la kwanza linalomtoka ni kutu. Mara nyingi huwa hajakosea. Kuna njia ya kuhakikisha isiyohitaji maabara: sugua doa kwa kidole. Kama ni kutu, unga wake utabaki kidoleni, maana ule ni ukungu unaozaliana juu ya jani. Lakini yapo madoa mengine, madogo kama ncha ya sindano, yaliyotapakaa upande wa juu wa jani kati ya mshipa na mshipa. Huanzia kwenye majani makongwe ya chini, yakazidi kusongamana hadi jani zima likawa na rangi ya shaba iliyochakaa. Hayo ukiyasugua, kidole kinatoka safi. Hapo hakuna ukungu wala mdudu, na dawa yoyote utakayopuliza ni hela iliyomwagwa chini. Jani limeunguzwa na hewa.

Kinachounguza ni ozoni. Shuleni tulifundishwa kwamba ozoni ni mwamvuli ulio juu sana angani, unaotukinga na miale mikali ya jua, na hilo ni kweli. Gesi ileile ikiwa chini, kwenye hewa tunayovuta, ni sumu kwa mapafu na kwa majani. Haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari wala kwenye dohani. Inapikwa angani. Moshi wa magari, majenereta na moto wa nyika hutoa oksidi za naitrojeni pamoja na mvuke wa kemikali za kaboni, jua linaupiga mchanganyiko huo, na saa chache baadaye ozoni imezaliwa.

Mboga ndizo zilizoifichua siri hii. Kuanzia mwaka 1944, mashambani kandokando ya Los Angeles, Marekani, mboga za majani zilianza kuharibika kwa namna ambayo hakuna ugonjwa uliojulikana ungeweza kuieleza: sehemu ya chini ya jani iling'aa kama iliyopakwa rangi ya fedha. Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha chuo cha Caltech, alikuwa akitafiti kinacholipatia nanasi harufu yake. Akakichukua chombo alichonasia harufu ya nanasi, akanasia hewa ya jiji. Baadaye alichanganya ozoni na mvuke wa petroli, akaupitisha kwenye spinachi na mimea mingine, na majani yakatoka alama zilezile zilizoonekana mashambani. Vipande vya mpira vilivyokunjwa vilipasuka nyufa katika hewa hiyo. Wenye viwanda vya mafuta walimpinga vikali, lakini alipochapisha matokeo yake mwaka 1952 alikuwa na jani la spinachi kama shahidi. Miaka michache baadaye, mwaka 1959, ikathibitishwa kwamba madoa yaliyokuwa yakiwatia hasara wakulima wa tumbaku wa Marekani, ambayo wao waliyahesabu kuwa ni ya hali ya hewa tu, yalikuwa kazi ya ozoni.

Ili kuelewa kinachotokea, tazama upande wa chini wa jani. Kuna vitundu vingi mno, vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo mmea huvifungua mchana ili uvute hewa ya ukaa na kutengeneza sukari. Ozoni huingia kwa mlango huohuo. Ikishakutana na unyevu wa ndani huzua kemikali kali zinazoshambulia utando wa seli. Mmea hujitibu, ila matibabu yana gharama yake: sukari iliyokuwa iende kujaza punje inatumika kuziba majeraha. Majani yanazeeka kabla ya wakati, mizizi inabaki na njaa. Kwa jamii ya kunde hasara ni maradufu, kwa sababu vile vinundu vya mizizini vinavyoupatia mmea naitrojeni navyo hulishwa kwa sukari hiyohiyo.

Na yote hayo huweza kutokea bila doa hata moja kuonekana. Hapo ndipo roho inaponiuma. Mkulima anaona shamba la kijani, anavuna magunia pungufu, kisha anailaumu mbegu, au mbolea, au mikono yake mwenyewe.

Hata jiografia ya jambo hili si ya haki. Katikati ya jiji, moshi mbichi wa magari huila ozoni, ikapungua. Upepo ukishaubeba mchanganyiko huo mbali na barabara, jua likiendelea kuupika, ozoni hupanda. Anayechafua yuko mjini, anayelipa yuko kijijini.

Malipo yenyewe ni makubwa. Kwa mwaka 2000 peke yake, wanasayansi walikadiria kwamba ozoni iliipunguzia dunia asilimia 7 hadi 12 ya ngano, asilimia 6 hadi 16 ya soya, na asilimia 3 hadi 5 ya mahindi. Hizo ni wastani. Karibu na Lahore, Pakistani, katika miaka ya 1990, watafiti walipanda ngano ndani ya vibanda vilivyo wazi juu, vingine vikipulizwa hewa iliyochujwa kwa mkaa, vingine hewa ileile ya nje. Ngano iliyovuta hewa ya nje ilizaa pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Udongo ulikuwa uleule, mbegu ileile.

Habari inayotugusa sisi zaidi ilitoka Bangor, Wales, mwaka 2020. Watafiti waliotesha mazao ya kitropiki ndani ya nyumba za kioo zenye viwango tofauti vya ozoni. Maharage na ngano viliumia. Uwele na ulezi, ambao Wakenya huuita wimbi, havikutikisika. Nafaka za mababu, zile tulizozisukuma pembeni tukazibandika jina la chakula cha maskini, zimestahimili kile ambacho mboga yetu ya kila siku imeshindwa.

Tangu nisome hayo, mawazo yangu yako kwenye vinyungu vya Iringa na Njombe. Kinyungu ni bustani ya bondeni, inayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini na maji ya mfereji, na maharage ni mojawapo ya mazao yake. Kiangazi hichohicho ndicho msimu wa moto: nyasi zinachomwa, misitu ya miombo inaungua, kuanzia huku kwetu hadi Zambia, Kongo na Angola. Tangu utafiti mkubwa wa SAFARI wa mwaka 1992, inajulikana kwamba moshi wa mioto hii huzalisha ozoni nyingi katika anga la kusini mwa Afrika. Sasa ongeza jambo moja. Mmea wenye kiu hufunga vitundu vyake, na kwa kufanya hivyo huizuia ozoni pia. Mmea uliotosheka maji huviacha wazi mchana kutwa. Kwa hiyo mharage uliomwagiliwa vizuri, wa mkulima aliyejituma kuliko wenzake, ndio unaoachama zaidi wakati hewa iko katika hali mbaya kuliko miezi mingine.

Vifaa vya kupimia si vigeni kwetu. Nairobi hurusha maputo yanayopima ozoni hadi juu angani. Kwenye Mlima Kenya kipo kituo kinachopima ozoni ya hewa ya karibu na ardhi, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, mahali pasipoota mharage hata mmoja. Kuna pia kipimo cha bei nafuu zaidi: Wamarekani wana aina mbili za maharage, moja inayoungua upesi kwa ozoni na nyingine inayostahimili, ambazo hupandwa ubavu kwa ubavu na tofauti yake kusomwa majanini. Shule yoyote ya sekondari yenye kitalu na daftari inaweza kuifanya kazi hiyo. Ningependa ianzie bondeni, pembeni ya kinyungu, mwezi wa Agosti, wakati vilima vinafuka moshi na afisa ugani yuko pale pamoja na mkulima, kila mmoja akisugua jani kwa kidole chake.