Mtungi Uliojaa: Mabwawa ya Tana na Mafuriko ya Garissa

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi wa Garissa tunajua kwamba mafuriko hayangoji mawingu. Jua linawaka kama kawaida, vumbi linapaa, kumbe Mto Tana unapanda na mashamba ya ndizi yanamezwa. Msomaji mwenzangu, maji haya hutoka wapi?

Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Kabla haujatufikia, hupitia mabwawa matano ya kuzalisha stima: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kujengwa lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, na la mwisho Kiambere, mwaka 1988. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa zaidi na ndilo ghala la maji la hayo mengine. Mpango huu ni wa busara, kwani maji yale yale yanayozungusha mitambo ya Masinga huteremka kuzungusha ya bwawa linalofuata, hadi Kiambere.

Wengi hudhani kwamba bwawa ni ukuta wa kuzuia mafuriko. La hasha! Bwawa ni kama mtungi. Ukiwa na nafasi, hupokea maji ya mvua na mto ukatulia huku chini. Ukijaa, kila kikombe kinachoongezwa lazima kimwagike. Masinga hujaa maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Yakizidi hapo, yanashuka kwetu, na hakuna wa kuyarudisha.

Hapa ndipo penye mvutano. Mzalishaji wa stima anataka mtungi ujae, maana hajui kiangazi kitadumu kwa muda gani. Wala si woga wa bure: mwaka 2000 ukame ulipunguza maji mabwawani, na Wakenya wakagawiwa stima kwa zamu. Lakini sisi wa chini tunataka mtungi ubakishwe nafasi kabla ya mvua kuanza. Mmoja hulia ukipungua, mwingine hulia ukijaa.

Hata hivyo, haki isemwe: si kila mafuriko yanatokana na mabwawa. Mito kama Mutonga na Kathita huingia Tana chini ya Kiambere, ambako hakuna bwawa la kuipunguzia makali. Tena mafuriko madogo ni neema, kwa kuwa huacha rutuba na kuotesha malisho ya mifugo. Yanayotumaliza ni makubwa ya ghafla. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, barabara kati ya Garissa na Madogo ilifunikwa na maji, watu wakavuka kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ikapinduka na roho za watu zikapotea. Si mchezo!

Je, nini kifanyike? Zamani sehemu kubwa ya stima yetu ilitegemea maji. Siku hizi mvuke wa ardhini wa Olkaria ndio unaotangulia, upepo wa Marsabit upo, na hata hapa Garissa pana kituo cha nguvu za jua cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Kwa hivyo hofu ya kupunguza maji kiasi kabla ya mvua haifai kuwa kubwa kama zamani. Kanuni ya kuyapunguza iandikwe, itangazwe, nao watu wa Garissa na Tana River waketi mezani inapotungwa. Aidha, maji huchukua muda kusafiri kutoka Kiambere hadi kwetu. Muda huo ni mali: onyo lifike msikitini, sokoni na malishoni, kwa Kisomali, Kipokomo na Kiorma pia.

Stima inayomulika miji ya mbali inatokana na mto huu huu tunaokunywa. Anayefaidi maji huko juu ana deni kwa anayeyapokea huku chini. Tahadhari kabla ya athari!