Bwawa jipya: Andaa maji kwanza, vifaranga baadaye

MKULIMA anayemaliza kuchimba bwawa leo, akalijaza maji kesho na kumwaga vifaranga vya perege keshokutwa, anahatarisha mtaji wake. Kishawishi hicho ni kikubwa kwa wafugaji wapya wa Kasulu na Kibondo, kwani fedha za vibarua zimekwishatoka na kila mtu nyumbani anataka kuona samaki.

Sababu za kufuga zipo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mwenye bwawa lililoiva hunufaika katika kipindi cha namna hiyo. Lakini bwawa haliivi kwa siku mbili.

Maji mapya, hata yawe masafi kiasi gani, hayana uhai wa kutosha. Kinyesi cha samaki na mabaki ya pumba hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Bakteria hao huhitaji muda kuzaliana. Wazungu wanaofuga samaki wa mapambo majumbani wanalijua jambo hili: tangi jipya la maji ya chumvi huachwa wiki nne hadi sita kabla ya kuwekwa samaki.

Katika bwawa la udongo kuna msaidizi mwingine, nao ni mimea midogo sana inayoyapa maji rangi ya kijani. Mimea hiyo hutumia amonia, hutoa hewa ya oksijeni mchana, na ni chakula cha perege kisicholipiwa dukani.

Je, mfugaji afanyeje? Udongo mwekundu wa maeneo yenye mvua nyingi mara nyingi una asidi, hivyo aanze na chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila meta za mraba 100 za sakafu ya bwawa. Asubiri wiki mbili, kisha aingize maji kupitia wavu ili kambale wa mtoni wasiingie wakala vifaranga. Baada ya hapo aweke samadi kavu ya ng'ombe, kilo 10 kwa meta za mraba 100, na kuongeza kidogo kidogo. Samadi nyingi kwa mara moja humaliza oksijeni majini.

Nyanda hizi zipo zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Baridi hupunguza kasi ya bakteria na mimea hiyo, kwa hiyo ni busara kutenga wiki tatu baada ya samadi.

Kipimo hakihitaji fedha. Zamisha mkono polepole, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko tayari. Kikionekana bado, ongeza samadi. Kikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, acha samadi na uongeze maji safi.

Sasa tupige hesabu. Bwawa la meta 10 kwa 20 huchukua vifaranga 400, yaani wawili kwa meta ya mraba. Tuseme kifaranga kimoja ni shilingi 200. Hiyo ni shilingi 80,000. Nusu wakifa, hasara ya haraka ni shilingi 40,000. Hasara kubwa zaidi huja wakati wa kuvuna: samaki 200 wa robo kilo ni kilo 50 ambazo hazitafika sokoni, ingawa bwawa limechimbwa na kutunzwa kwa gharama ile ile. Wiki tano za kusubiri humgharimu mfugaji chokaa, samadi ya zizini na uvumilivu.

Vifaranga viagizwe baada ya maji kuiva. Vikifika, mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20, kisha maji ya bwawa yachanganywe humo taratibu kabla ya kuviachia.

Anayetaka kupandikiza mapema Oktoba, aweke chokaa mwishoni mwa Agosti, wakati kazi za shamba bado ni chache.