Uvira: Kusahihisha vitabu nako ni kazi, kuna bei

Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, kwenye barabara kubwa ya Uvira, hautembei mbali bila kuona mlango ulioandikwa “Secrétariat public”. Ndani kuna kompyuta, mashine ya kuchapa na wanafunzi wenye klé USB mkononi. Kuchapa kuna bei. Fotokopi ina bei. Lakini kusahihisha, yaani kusoma mstari kwa mstari, kunyoosha Kifaransa, kupanga vichwa na orodha ya vitabu, mara nyingi hakuna bei. Mtu anakuja na kusema: “Kaka, niangalilie kidogo tu, haina kazi mingi.”

Hapo njo hasara inaanza. Mwalimu ao kijana aliyemaliza chuo, anayefanya kazi hii nyumbani kwake usiku, anajua sarufi vizuri. Kudai feza yake, hakuna aliyemfundisha.

Kwanza, hesabu. Usihesabu kwa kurasa za mteja. Akipunguza herufi na kubana mistari, kurasa 60 zinakuwa 45, na hakuna hata neno moja lililopungua. Wenye kazi ya Kifaransa wana kipimo chao cha zamani, feuillet: mistari 25 yenye alama 60, ni kusema alama 1500 pamoja na nafasi. Kompyuta yenyewe inahesabu alama hizo. Tuseme kitabu kina alama 120 000: ni feuillet 80. Ukisoma feuillet 8 kwa saa, ni saa 10, na bado haujarudilia mara ya pili. Ongeza mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na megabaiti za kutuma. Sasa unaweza kutaja bei bila kubahatisha.

Pili, mpatane mbele ya kuanza. Soma kurasa mbili tatu mteja akiwa hapo, umwambie utafanya nini na hautafanya nini. Kusahihisha si kumuandikia mtu kazi yake. Siku ya kutetea, ni yeye atasimama mbele ya juri. Andikeni kwenye karatasi moja: hesabu ya feuillet, bei, siku ya kurudisha, na mara ngapi utapitia mabadiliko yanayotoka kwa mwalimu anayemuongoza. Bila neno hilo la mwisho, kila mwalimu akigusa sura moja, kitabu kinarudi kwako bure.

Tatu, malipo. Nusu mwanzo, nusu mbele ya kutoa faili ya mwisho. Haiko roho mbaya: mwanafunzi akiisha kutetea, haja yake imeisha, na wewe unabaki kumtafuta Mulongwe na Kimanga. Tena hapa kwetu dola, falanga na hata feza za Burundi zinapita katika mkono mmoja. Andika bei ni ya feza gani, na kama ni falanga, kwa kiwango cha siku gani. Mteja wa Baraka akilipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mpatane nani anabeba makato.

Nne, daftari. Kongo ilianza kufuata sheria za OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Sheria hizo zinamtambua mtu wa biashara ndogo anayejitegemea, anayeitwa entreprenant: anatangaza kazi yake kwenye rejista ya biashara, RCCM, bila kupitia usajili kamili wa mfanyabiashara. Lakini anatakiwa aandike siku kwa siku feza iliyoingia na ilikotoka, feza iliyotoka na ilikokwenda, akitenga feza ya mkononi na njia zingine, na daftari alitunze miaka 5. Hata asiyejitangaza, daftari litamuonyesha mwisho wa mwezi kama alifanya kazi ao alisaidia watu tu.

Na ndugu je? Mtoto wa shangazi hawezi kufukuzwa mlangoni. Mpunguzie. Lakini kwanza andika bei nzima, halafu chini yake andika ulichomuachia, na umpe karatasi ile aisome. Ajue amepewa zawadi, asifikiri kazi yako haina bei.