Ukiokota sarafu ya kale, usiisugue

Watu wa pwani yetu, tangu Kivinje mpaka Songo Songo na visiwa vya kusini, wamezoea kuona vitu vya kale. Mvua ikikwangua ardhi hutokeza kigae, ushanga, na mara moja moja kisarafu cha shaba kilichoota kutu ya kijani. Wengine hukisugua kwa mchanga na ndimu mpaka king'ae. Wengine humwuzia mgeni kwa bei ya soda. Leo tutaeleza namna ya kuitambua sarafu hiyo, na kwa nini kuisugua ni hasara.

Kwanza tutenganishe majina. Songo Songo ipo kaskazini ya Kilwa Kisiwani. Songo Mnara ipo kusini yake. Magofu makubwa yapo Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Huko ndiko sarafu nyingi zilikopatikana. Lakini pesa hutembea, na wenye majahazi walikwenda nazo mbali. Sarafu moja ya Kilwa ilichimbuliwa Great Zimbabwe, bara kabisa, na hiyo ni dalili kwamba watu wa huko walikuwa na biashara na pwani hii.

Sasa itazame sarafu yenyewe. Ni nyembamba, upana wake karibu sentimeta 2. Haina picha ya mtu wala mnyama. Pande zote mbili zina maandishi ya Kiarabu. Ndugu zetu waliosoma chuoni wataanza kuzitambua herufi, ingawa nyingine zimefutika. Upande mmoja una jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan. Upande wa pili una maneno ya kumtumaini Mungu, Bwana wa neema. Hebu sikia ufundi wa wazee: kwa Kiarabu maneno ya pande hizo mbili yana vina, kama shairi. Hata ukisoma upande mmoja tu, kina chaweza kukusaidia kukisia upande wa pili.

Kitu kimoja hakimo: mwaka. Ndipo taabu inapoanza.

Zamani, mtu akishika utawala, jambo moja alilofanya haraka ni kupiga pesa yenye jina lake. Huko Roma, mwaka 193, alikuwapo Didius Julianus. Alitawala siku 66 tu, kisha akauawa. Hata hivyo aliwahi kupiga sarafu zenye sura yake. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, sarafu zake ni chache, na wakusanyaji huzitafuta sana. Kilwa nayo ilikuwa na masultani waliokaa miaka mingi na wengine ambao hawakumaliza hata mwaka. Lakini huku kwetu hakuna sura, hakuna tarehe. Jina peke yake, basi.

Chukua mfano wa Daud. Sarafu za Ali bin al-Hasan zimepatikana kwa wingi sana. Za Daud bin al-Hasan ni chache. Sasa, historia ya kale ya Kilwa inamtaja Daud aliyeshika kiti miaka miwili hivi, kaka yake alipokuwa safarini kuhiji. Kaka huyo ni al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Utasema: tumempata! Ngoja kidogo. Daud wa kitabuni ni mwana wa Sulaiman. Daud wa kwenye sarafu ni mwana wa al-Hasan. Baba hawafanani. Basi huenda ni watu wawili, na huenda waliachana kwa miaka mingi.

Nani atakata shauri hilo? Siyo maandishi. Ni mahali sarafu ilipolala, na vitu ilivyolala navyo.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa sarafu za Ali bin al-Hasan. Wataalamu wengi waliona kwamba alitawala karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilichimbuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Nyingine zilikuwa na jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwapo sarafu chache za dhahabu za kigeni zenye tarehe, na ya mwisho ni ya mwaka 1066. Sarafu hizo za kigeni zikawa shahidi. Ali akarudishwa nyuma zaidi ya miaka 100. Lau mtu angezitoa shimoni na kuziuza moja moja, tusingejua.

Kinyume chake ni habari ya Australia. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Alizihifadhi nyumbani miaka mingi. Zilipotambuliwa, ushahidi wa pale zilipolala ulikuwa umepotea, zikabaki alama ya kalamu kwenye ramani na kumbukumbu ya mzee. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Basi ukiokota, ifunge kwa kitambaa au karatasi kavu. Usiioshe kwa ndimu, maana ndimu hula shaba na herufi huondoka na kutu. Usichimbe kutafuta nyingine. Pale ulipoiokota weka jiwe. Kisha chukua daftari uandike: siku, mahali, hatua ngapi kutoka kisimani au msikitini, na kama palikuwa na vigae au mifupa. Kazi hiyo ya kuandika waiweza sasa.

Halafu mweleze mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, habari zifike ofisi ya wilaya, Kilwa Masoko. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuviuza au kuvipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mgeni akikuambia kwamba ni kitu kidogo tu, mwulize mbona amekuja na mfuko wa kukitilia.