Sura ya Nne: Kiangazi Kinaanza Januari

Nilikusudia sura hii iwe na sehemu tatu: viza, tiketi na malazi. Lakini kila Juni hunijia mtu na swali lilelile: "Nataka kuwapeleka watoto Paris mwezi ujao, nianzie wapi?" Ungeanzia Januari, ndugu yangu.

Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hapa Kampala watu wameing'ang'ania hiyo 15 kana kwamba ndiyo ratiba. Hizo 15 ndizo siku ambazo kwa kawaida ubalozi hutumia kuamua, na ubalozi wenyewe unaweza kuzirefusha hadi 45. Hapo hujahesabu kusubiri miadi ya kupeleka nyaraka na alama za vidole, na miadi ya kuelekea Julai huwa adimu kama maegesho ya Kikuubo.

Wakati nafasi zinakwisha, pasipoti ziko mkeshani. Nimeshuhudia: ukumbi mzima umeinua vitabu vyake juu, mchungaji anapita na chupa ya mafuta. Sina ugomvi na sala. Nina ugomvi na doa la mafuta kwenye ukurasa wa picha, ambao mashine ya uwanja wa ndege inatakiwa kuusoma.

Wasomi nao wana ushirikina wao. Mtu anakopa shilingi milioni 20, anaziweka benki Jumatatu, Ijumaa anachapisha taarifa ya akaunti. Afisa haangalii salio peke yake. Anafuata mwenendo wa miezi, mshahara unaingia lini, kodi ya nyumba inatoka lini. Fedha zilizodondoka juzi zinamwambia kwamba zitaondoka kesho kutwa.

Halafu kuna dalali anayejua "ubalozi rahisi". Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Tiketi usiilipie kabla ya viza. Weka nafasi tu. Hayo yametosha, maana nataka kufika kwenye hesabu ya siku, na hapa naomba subira.

Jajja mmoja, yaani bibi, wa Ntinda alikwenda Brussels kumsaidia binti yake aliyejifungua. Aliingia Aprili 1, akatoka Juni 29. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia: 30 za Aprili, 31 za Mei, 29 za Juni, jumla 90 kamili. Akaja kwangu na nafasi ya ndege ya Agosti 10. "Mwanangu, wameniambia ukitoka tu, hesabu inaanza upya." Wengine walimshauri apitie London wiki moja ili "aifute". London iko nje ya Schengen, inataka viza yake, na haifuti chochote.

Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na neno gumu hapo ni "zozote". Nikamwonyesha Jajja kwa futi ya fundi cherehani. Chukulia ina urefu wa siku 180. Ncha moja ishike kwenye siku unayotaka kuwa Ulaya, halafu ivute kurudi nyuma, uhesabu siku zako zote zilizo chini yake, na siku hiyo yenyewe ikiwemo. Zisizidi 90. Ukiishika Agosti 10, futi inafunika Aprili, Mei na Juni yake yote, na Agosti 10 yenyewe inakuwa siku ya 91. Septemba 27 bado inaigusa Aprili 1. Septemba 28 inaanzia Aprili 2: zimebaki siku 89 za zamani, na moja mpya inatimiza 90. Kesho yake siku nyingine ya zamani inatoka, mpya inaingia. Mradi viza yake ilikuwa hai na ya kuingia mara nyingi, Septemba 28 ndiyo tarehe yake.

Jajja alihesabu upya kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, mara mbili, kisha akampigia binti yake simu.

Kuhusu malazi nimebakiwa na nafasi ya onyo moja. Wanaosema Ulaya ni baridi hawajalala chumba cha dari Julai. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, mchana nyuzi 27 au 28 tunalalamika. Paris Julai 25, 2019 ilifika nyuzi 42.6, na nyumba nyingi kule zilijengwa kuhifadhi joto. Kabla ya kulipia chumba, uliza kama kina kiyoyozi. Jajja safari ya kwanza alibeba masweta manne, na kufikia Juni yalikuwa chini ya kitanda. Aliporudi mwisho wa Septemba aliyavaa yote.