Mistari Isiyoandikwa na Gharama Yake

Dawa ya kiharusi NXY-059 ilipojaribiwa kwa wanyama, ilipunguza sehemu ya ubongo iliyokufa kwa takriban 43%. Kampuni ya AstraZeneca ikaipeleka kwa wagonjwa. Mwaka 2006, jaribio la watu zaidi ya 3,000 likaonyesha kuwa haisaidii.

Watafiti waliorudi kwenye ripoti za wanyama walikuta jambo zito. Pale waandishi waliposema wanyama walipangwa kwenye makundi kwa bahati nasibu, nafuu ilikuwa karibu 20%. Pale waliponyamaza, ilizidi 50%. Sababu inaeleweka: panya anayeshikwa kwanza kizimbani mara nyingi ndiye mzito wa kukimbia, pengine mdhaifu. Akiingia kundi lisilopewa dawa, dawa inapata sifa isiyo yake.

Ukimya huo ulikuwa wa kawaida. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulipitia makala 271 za utafiti wa wanyama: 87% hazikutaja bahati nasibu, na 86% hazikusema kama mpimaji alifichwa mnyama yupi kapewa dawa. Mwaka uliofuata, kituo cha NC3Rs cha Uingereza kikatoa ARRIVE, mwongozo wa kuripoti majaribio ya wanyama, wenye vipengele 20. Toleo la 2020 lina 21, na 10 kati yake vimetengwa kuwa vya lazima kabisa, idadi ya wanyama ikiwemo.

Idadi ndiyo hesabu inayouma. Ili kuwa na nafasi ya 80% ya kugundua tofauti ya mkengeuko sanifu mmoja kati ya makundi mawili, unahitaji wanyama 17 kila kundi, yaani 34. Tofauti ikiwa nusu ya hiyo, wanafika 128. Wanyama watano kwa kundi wanatosha tu pale dawa inapoleta badiliko kubwa mno. Ripoti isiyotaja idadi wala mtawanyiko wa vipimo inamnyima mtafiti anayefuata njia ya kupiga hesabu hii. Ataua wanyama wengine akikisia.

Kuandika haya ni kazi ya mistari michache. Lakini kuwaomba tu waandishi hakutoshi. Katika jaribio la jarida la PLOS ONE lililochapishwa mwaka 2019, baadhi ya waandishi walitakiwa kujaza orodha ya ARRIVE. Kati ya makala 672 zilizokubaliwa, hakuna hata moja iliyotimiza vipengele vyote. Kwangu mimi, mhariri airudishe makala isiyotaja bahati nasibu na idadi kabla haijafika kwa wahakiki.