Usonji kwenye mtandao wa Kiarabu: nani kaandika, lini, na anauza nini?

Siku ya Usonji Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 2 Aprili, ni wazo lililotoka Qatar. Sheikha Moza bint Nasser ndiye aliyelipigania, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha Desemba 2007. Nchi ya Kiarabu, basi, ndiyo iliyoiomba dunia iwakumbuke watu wenye usonji. Lakini mzazi wa Muscat, Amman au Khartoum anayeshika simu usiku, akitafuta kwa Kiarabu kwa nini mwanawe wa miaka miwili haitiki anapoitwa jina, hupokewa na mchanganyiko wa ajabu. Atapata ukurasa wa Shirika la Afya Duniani. Kando yake atakuta tangazo la seli shina, video ya kisomo, na makala isiyo na jina la mwandishi inayoahidi kumponya mtoto kwa miezi michache.

Mambo hayo si ya ng'ambo tu. Oman ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nyumbani na kusoma Kiarabu shuleni. Na huku Zanzibar, Mombasa na Lamu, maneno ya Kiarabu yana heshima yake: lisemwalo kwa lugha ya Kurani hupewa uzito, hata kama msemaji anauza mafuta ya habasoda.

Tuanze na yanayojulikana. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayoanza mapema sana, na hugusa mawasiliano, mahusiano na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Urithi una nafasi kubwa: utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi tano uliupa takriban asilimia 80. Hakuna dawa inayoponya usonji. Risperidone, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006, hupunguza hasira na ukali kwa baadhi ya watoto. Usonji wenyewe haiugusi. Kinachosaidia ni tiba ya lugha na mawasiliano, tiba kazi, mafunzo kwa wazazi, na shule inayomkubali mtoto.

Wataalamu wana vipimo vya kukagua maandishi ya afya. Kimoja, DISCERN, kilichotengenezwa Oxford, kina maswali 16. Kingine, kilichotolewa mwaka 1997 na jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, kinadai mambo manne tu: jina la mwandishi, vyanzo, tarehe, na nani analipia. Watafiti waliokagua kwa vipimo hivi kurasa za Kiarabu kuhusu magonjwa mbalimbali wamekuwa wakikuta upungufu uleule: mwandishi hajulikani, chanzo hakitajwi, tarehe haipo.

Mtu anaweza kusema tarehe ni jambo dogo. Atazame Oman. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta watoto 1.4 wenye usonji katika kila 10,000. Mwingine, wa mwaka 2019, ukakuta zaidi ya 20, na watafiti wakalihusisha ongezeko hilo na uelewa na uchunguzi kuimarika, si na janga jipya. Ukurasa unaonakili hesabu ya kwanza bila kutaja mwaka unamwambia mama wa Salalah kwamba jambo hili halipo kwao.

Vipimo hivyo, hata hivyo, vina kasoro yake: hupima uwazi, havipimi ukweli. Daktari mwenye jina, picha na koti jeupe anaweza kupata alama nzuri huku akisema uongo.

Mfano ulioniudhi kuliko yote ni wa maziwa ya ngamia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha King Saud, Riyadh, walichapisha jaribio dogo la watoto 60, kwa wiki mbili. Wengine walikunywa maziwa ya ngamia mabichi, wengine yaliyochemshwa, wengine ya ng'ombe. Vikapimwa viashiria fulani vya damu, tabia nazo zikapewa alama, na mabadiliko yakaonekana. Hapo hakuna ubaya, utafiti mwingi huanza kwa udogo. Fuatilia sasa habari hiyo inavyosafiri. Kwanza hudondoka idadi ya watoto. Kisha hudondoka zile wiki mbili. Mwishowe kinachobaki ni kwamba wanasayansi wa Saudia wamethibitisha kuwa maziwa ya ngamia yanatibu usonji, na chini yake namba ya WhatsApp ya muuzaji, anayesisitiza yanywewe mabichi.

Maziwa mabichi ya ngamia yanaweza kubeba vijidudu vya brusela. Virusi vya MERS, ugonjwa wa njia ya hewa, vilivyotambuliwa mara ya kwanza Saudia mwaka 2012, vinaishi kwa ngamia, na Shirika la Afya Duniani linashauri watu wasinywe maziwa hayo bila kuyachemsha. Mamlaka ya dawa ya Marekani nayo iliwahi kuyaorodhesha miongoni mwa vitu vinavyonadiwa kwa uongo kuwa tiba ya usonji. Wajir na Garissa maziwa haya ni chakula cha kila siku, na hakuna anayewaambia watu wayaache. Yachemshwe, yanywewe kama maziwa.

Orodha hiyo ya Marekani ilikuwa pia na dawa za kuondoa metali mwilini. Mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki Pennsylvania baada ya kudungwa dawa ya aina hiyo.

Kuna pia mawazo yaliyokwisha kuzikwa na bado yanatembea. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji, ilitegemea watoto 12. Jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010. Denmark ilifuatilia watoto 657,461 isione uhusiano wowote. Kabla ya hapo, Bruno Bettelheim wa Chicago aliwalaumu akina mama kwa ubaridi wa moyo. Lawama hiyo imebadili kanzu tu: leo video za Kiarabu zinazungumzia "usonji wa skrini", kosa la mama aliyempa mtoto simu. Skrini nyingi hazimfai mtoto mdogo, na anayenyimwa mazungumzo anaweza kuchelewa kusema. Lakini utambuzi wa jina hilo haupo katika miongozo ya kitabibu ya kimataifa, na anayedai kuuponya huenda anaponya kitu kingine.

Upotoshaji huu hauletwi na uhaba wa wataalamu wa Kiarabu. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha ugunduzi muhimu wa jeni za usonji uliotegemea familia, nyingi za Mashariki ya Kati, ambazo wazazi walikuwa binamu. Damu ilitoka huko, matokeo yakatoka kwa Kiingereza. Anayetafsiri matokeo ya aina hiyo kwa mama wa kawaida halipwi, anayeuza chupa analipwa. Ndiyo maana chupa zina kurasa nyingi.

Msomaji wa Kiarabu anaweza kuanzia kurasa za Shirika la Afya Duniani, au hojaji ya M-CHAT-R, yenye maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, inayopatikana bure kwa Kiarabu. Haitoi jibu la mwisho, ila hukuonyesha kama mtoto anahitaji kuonwa na mtaalamu. Ukurasa wowote unaotaja uponyaji na bei katika pumzi moja, ufunge. Kisomo kikikutuliza moyo, soma, lakini usikiache kichukue nafasi ya kliniki. Mtoto asiyebwabwaja akifika mwaka mmoja, asiye na neno hata moja akifika miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, au aliyeanza kusema kisha akanyamaza katika umri wowote, mpeleke akapimwe masikio na ukuaji wiki hii, usingoje.